Barabara ya Morogoro, Alfajiri na Jioni

Ofisi iliyoniajiri mwaka 1991 ilikuwa mtaa wa pili kutoka Posta ya Zamani, na daftari la mahudhurio lilikaa mezani pale mapokezi. Ikitimia saa 1:30 asubuhi, karani wa utumishi alitoka na rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya jina la mwisho. Ukisaini chini ya mstari, mwisho wa mwezi unaitwa ujieleze. Miaka ilivyokwenda nikagundua kuwa majina ya chini ya mstari yalikuwa yale yale, tena ya watu walioamka mapema kutushinda sote. Mkazi wa Upanga aliamka saa 12, akanywa chai, akaja kwa miguu. Aliyetoka Kimara au Mbagala alikuwa barabarani tangu saa 11 alfajiri, na bado kalamu nyekundu ilimkuta njiani.

Wakati huo mimi nilikuwa juu ya mstari. Nilipanga chumba Magomeni Mapipa, katika nyumba ya Kiswahili yenye choo kimoja na bomba moja uani, na kutoka pale hadi mjini ni kulivuka bonde la Jangwani tu. Siku usafiri ulipokosekana tulitembea, kundi zima la wafanyakazi, viatu vya ofisini vikiwa ndani ya mkoba. Saa 10:30 jioni nilikuwa nimeshafika, nimevaa kanga, nimekaa uani nachambua mchele jua lingali juu. Chumba kilikuwa kidogo na majirani walisikia kila neno, lakini siku yangu ilikuwa na jioni.

Tulipopata mtoto wa pili, chumba kikashindikana. Kimara ya katikati ya miaka ya 90 ilikuwa bado na miembe na mikorosho kati ya nyumba na nyumba, na kodi ya vyumba viwili vya Magomeni ilitupatia nyumba nzima yenye uwanja. Mume wangu alipiga hesabu ya kodi, ya maji na ya mkaa. Nauli nayo tuliipigia hesabu. Saa hazikuwemo kwenye karatasi ile, wala sijui familia yoyote ya mjini iliyowahi kuziandika.

Nilipokuwa mwanafunzi niliyawahi mabasi marefu ya UDA, yale Ikarus kumbakumba. Shirika lile lilianzishwa mwaka 1974, na kufikia 1983 jiji lilikuwa limelizidi nguvu hata serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nilipohamia Kimara, daladala ndizo zilizotubeba karibu sote: DCM za kusimama, na vipanya ambamo mtu mrefu alikunja shingo mpaka mjini. Faida ya kukaa mwisho wa ruti ni kwamba asubuhi gari linaanzia kwenu, unapata siti. Kuanzia kituo cha Korogwe watu wanasimama, Ubungo wanabanana, Manzese konda ananing'inia mlangoni na bado anaita abiria. Ndiyo maana watu wa Manzese na Magomeni walikuwa wanageuza. Wanapanda gari linalopandisha Kimara, wanalipa nauli ya kwenda, gari linageuka na wao wamekaa, wanalipa nyingine ya kurudi. Mtu mwenye kazi mjini alikwenda kwanza kinyume na mji ili apate pa kukaa.

Jioni ilikuwa vita, na sisi wanawake tuliumia zaidi. Pale Posta gari halijasimama vizuri, vijana wameshaingia kwa madirisha. Wenye akili walirusha mkoba au mtandio juu ya siti, wakaomba aliye karibu na dirisha awalindie. Ukikosa siti unashika bomba hadi Kimara, au unakaa juu ya boneti kando ya dereva, na injini inakuchoma kupitia sketi. Wajawazito walisimama na tumbo limeegemea bega la mtu. Hayo niliyaona na mengine yalinipata, kwa hiyo nikiikumbuka daladala ile sisemi kwamba ilikuwa nzuri.

Ninachokikumbuka kwa uchungu ni watu wake. Gari la alfajiri lililoanzia Kimara Mwisho lilikuwa na sura zile zile kila siku. Siti ya nyuma tulikaa akina mama watano wa ofisi tofauti, tukaanzisha mchezo wa kuchangiana fedha. Ijumaa ya mwisho wa mwezi fedha zilikabidhiwa gari likiwa kati ya Magomeni Usalama na Mapipa, kwa kuwa mwenzetu mmoja alikuwa anashuka Fire na hatukutaka akabidhiwe kwa haraka mlangoni. Nilinunua cherehani yangu kwa fedha za siti ile. Mzee mmoja wa Bandari alinunua gazeti Ubungo, akatusomea kwa sauti ukurasa wa mbele na barua za wasomaji, akirudia pale watu walipobisha. Alipofiwa na mkewe, konda mwenyewe ndiye aliyevua kofia akaipitisha, kuanzia siti ya mbele hadi kwetu nyuma, kisha akaikabidhi kwa mikono miwili.

Na aliyekaa alimpakatia aliyesimama. Hilo halikuandikwa popote. Unaingia na begi, mtu usiyemjua anakuambia, "Lete dada, nikupakatie," nawe unaliachia, humo ndani una mshahara. Wanafunzi ndio walioteseka. Nauli yao ilikuwa ndogo, hivyo konda aliwazuia mlangoni kwa mkono: "Denti wanatosha, wanatosha!" Tukaanza kuwadai. "Huyo mwanangu, mpitishe." Konda anajua si mwanao, mtoto anajua, na wewe unamvutia magotini kwako kama umemzaa. Kuna binti mmoja wa sekondari nilimpakata karibu mwaka mzima, tena alikuwa mzito, na mpaka leo tukikutana ananiamkia shikamoo mama.

Basi nilikuwa nampakata mtoto wa mwenzangu na wa kwangu siwaoni. Niliondoka wamelala, nikarudi wamelala. Foleni ya taa za Ubungo peke yake, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Mandela na Sam Nujoma, ilimeza muda wa kupika ugali na mboga na kuosha vyombo. Binti yangu alipong'oka jino la kwanza alikataa kulirusha juu ya bati mpaka nije. Akasubiri mpaka usingizi ukamchukua. Dada aliyetusaidia kazi alilitia ndani ya kiberiti, akaniwekea juu ya kabati, nami nikalikuta usiku, doa jeusi la damu likiwa limekauka kwenye shina. Tulilirusha Jumapili. Alikuwa ameshazoea pengo, na shauku ya jambo lenyewe ilikuwa imempungua.

Jiji lilikua mno. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu wapatao milioni 1.36 Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Barabara kuu zinazowaingiza mjini, ya Morogoro, ya Bagamoyo, ya Pugu na ya Kilwa, zimetandazika kama vidole vya kiganja kimoja, na kiganja chenyewe ni Posta na Kariakoo. Benki zipo huko, bandari ipo huko, ofisi kubwa na maduka ya jumla yapo huko. Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, nilidhani asubuhi za Barabara ya Morogoro zitapungua watu. Wizara zilihama, na mabasi ya alfajiri yakaendelea kujaa.

Ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi ulianza mwaka 2012. Miaka ile ya vumbi, madereva wetu walitafuta njia za panya za Mabibo na Kigogo, tukaifahamu mitaa ambayo tusingeifikia hata kwa msiba. Wakati huo tulikuwa tumeshajenga Mbezi, mbele zaidi ya Kimara. Kiwanja tulikipata kwa bei ya mtu wa mshahara, na kwa mara nyingine tulipiga hesabu ya kila kitu isipokuwa saa.

Tarehe 10 Mei 2016 mabasi yakaanza kazi, nauli ya njia kuu ikiwa shilingi 650. Nataka kuwa mkweli juu ya furaha ile. Basi lilipita Ubungo bila kusimama kwenye foleni, tukawaona wenye magari yao binafsi wametulia kwenye njia zao, na abiria mmoja akaanza kupiga makofi. Kutoka Kimara hadi Kivukoni ikawa chini ya saa moja. Nilifika ofisini kabla ya mfagiaji kumaliza ngazi. Ofisi ilikuwa imeshaacha daftari, ina mashine ya alama za vidole, nami nikaweka kidole changu saa 12:40 nikasimama dirishani kuitazama bahari, jambo ambalo kwa miaka yote ya kazi sikuwa nimepata nafasi ya kulifanya asubuhi.

Lakini mimi sikai Kimara. Kuna gari la kunifikisha Kimara, kuna foleni ya watu kituoni, kuna basi linalofika limejaa nawe unasubiri la nyuma yake. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi hufurika, Jangwani pakafungwa, na safari ikarudi kuwa ya saa tatu. Na kila nafuu ilipoongezeka, mji nao ulisogea. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa ili barabara ipanuliwe hadi Kibaha. Mwaka 2021 likafunguliwa daraja la Kijazi pale Ubungo, taa nilizozilaani nusu ya umri wangu zikawa chini ya miguu yetu, na stendi ya mabasi ya mikoani ikahamia kwetu Mbezi. Kila lami ilipokauka, madalali wa viwanja walikuwa wameshasimama mbele yake. Kibamba ikajaa, Kiluvya ikajaa, Kibaha iliyo kilomita kama 40 kutoka Posta ikawa mtaa wa kulala wafanyakazi wa Posta. Dakika tulizopewa na barabara tulizitumia kununua umbali. Mshahara haukutupa pengine pa kujenga.

Ndani ya basi jipya watu wana simu. Siwalaumu, kwani na mimi nilianza kusikilizia humo vipindi vya redio na kutuma michango ya harusi kwa simu. Basi ni kubwa, milango ni mipana, kila siku sura ni nyingine. Sikuwahi kuona mchezo ukichezwa mle, wala kofia ikipitishwa. Mkono wa kupakata begi bado upo, huo nimeuona, hasa kwa wanawake wa rika langu. Ningetamani sana wanaopanga usafiri wa jiji hili wafikirie pia ofisi ziko wapi. Mtu wa Mbagala angepata kazi ya maana Mbagala, wa Mbezi akapata Mbezi, barabara zile nne zingepumua na watoto wangekula na wazazi wao siku ya kazi. Hilo la watoto linaniuma kuliko foleni yenyewe.

Nimestaafu kwa hiari, nikapata jioni zangu tena. Binti yangu, yule wa jino, sasa anafanya kazi kwenye ghorofa moja pale mjini, umbali wa kutupa jiwe na ofisi yangu ya zamani. Yeye na mumewe wamenunua kiwanja Visiga, mbele ya Kibaha mjini. Nilipomuuliza kwa nini mbali hivyo, alinijibu, "Mama, wewe ulipata Mbezi. Sisi tumekuta Mbezi imeshakuwa ya matajiri." Wenzake ofisini wanakwenda mbali zaidi yake. Tangu treni ya umeme ianze safari za Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika huko kwa chini ya saa mbili, wapo wanaoulizia viwanja Soga, na mmoja anafikiria Morogoro kwenyewe.

Kwa sasa wanakaa kwenye vyumba viwili vilivyopauliwa, sebule bado msingi. Anaondoka saa 10 alfajiri: bodaboda mpaka barabara kuu, Coaster mpaka Kimara, kisha mwendokasi. Mjukuu wangu anasoma hapa Mbezi. Jumapili jioni wanamleta na nguo za wiki nzima, Ijumaa usiku wanamfuata, na wakimkuta amelala wanamwacha mpaka asubuhi. Wanasema wakimaliza sebule watamhamishia shule ya kule kule Visiga. Nimewauliza nani atakuwa naye ndani ya nyumba tangu wao wanapotoka mpaka gari la shule lipite saa 1 asubuhi. Mkwe wangu amesema watatafuta dada wa kazi. Mimi nimewaambia mtoto abaki kwangu, na mpaka naandika haya hatujakubaliana.