Kindege Hakiombi Kibali

Jumamosi tulishindana hapa Kakuma na vindege vya rimoti visivyo na injini. Unakirusha kwa mkono. Kinachokaa hewani zaidi ndicho kinashinda. Tunafuata sheria ya kimataifa: mabawa yasizidi sentimita 150.

Siri ni hewa ya moto inayopanda. Mimi huangalia mwewe. Wakizunguka bila kupiga mabawa, nakipeleka hapo hapo.

Kikapanda kweli! Lakini hewa hiyo husafiri na upepo, ikakibeba kuelekea nje ya kambi. Kikianguka mbali, nani atakifuata? Mambo ya vibali mnayajua wenyewe. Nikakirudisha, nikawa wa tatu.

Wenzangu walicheka. Sawa tu. Kindege ninacho, na Jumamosi ijayo nitaanzia upande upepo unakotoka.