Ni Nani Atakayembeba?



Wapendwa katika Kristo, Dominika ya tarehe 3 Desemba 2023 tulianza Majilio. Injili ilituagiza kukesha, nasi hapa Karatu tukahubiri juu ya kukesha. Asubuhi ileile tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Ilikuwa pia Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, nasi hatukuitaja hata kwa neno moja.

Masika yaliyofuata tulimpelekea Komunyo mzee mmoja aliyepooza miguu, ambaye nyumba yake iko kando ya korongo. Tukamwuliza, "Mzee wetu, maji yakija usiku utafanyaje?" Akajibu kwa upole, "Baba, nitasali, halafu nitamsubiri mtu." Tukauliza, "Mtu gani?" Akanyamaza. Nasi tukanyamaza, maana katika jumuiya yake tulijua nani ametoa zaka na nani bado, lakini hatukujua nani angembeba.

Marko, sura ya 2, anatusimulia habari za watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza, wakatoboa dari ili wamfikishe kwa Yesu. Kazi ile haifanyiki bila kupatana kwanza nani ashike pembe ipi.

Ndugu zetu wa Ngorongoro wanaukumbuka mwaka 2007, ardhi ilipotetemeka na Oldoinyo Lengai ukalipuka, hata baadhi ya wafugaji wakahama. Awezaye kutembea huondoka na mifugo yake. Asiyeweza hungoja kukumbukwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, katika Ibara ya 11, unaidai serikali iwalinde wenye ulemavu wakati wa maafa. Hata hivyo, usiku wa mafuriko aliye karibu ni jirani.

Basi tulianza na mzee yule. Majirani wawili walijitolea, machela ikawekwa nyumbani kwake, na yeye mwenyewe akatuelekeza namna ya kumwinua bila kumwumiza. Kwa asiyesikia kengele wala yowe, tumepanga mtu wa kwenda kumgusa bega.

Juma hili, kila jumuiya iwataje wake kwa majina, na kando ya kila jina iandike majina ya wabebaji. Huko nako ni kukesha.

Mungu awabariki.