Samaki wa kwenye pipa



Sisi tunaokaa Kariakoo tunaishi na mapipa. Maji yakitoka tunajaza kila chenye mdomo: pipa la bafuni, ndoo, madumu, hata beseni la kufulia. Mto Ruvu ulipopungua maji mwishoni mwa 2022 na jiji likaingia kwenye mgao, uani kwetu hapakuwa na pa kupita. Na maji yaliyosimama ndiyo makazi ya mbu wa dengi, Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu hangoji usiku. Anauma mchana, wakati sisi tupo jikoni au dukani na chandarua kimekunjwa juu ya kitanda.

Dar es Salaam iliugua dengi 2014, ikaugua tena 2019. Mara hiyo ya pili mdogo wetu alilala siku tisa: homa, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama vimepondwa. Dengi haina dawa yake maalumu. Ni maji ya kunywa kwa wingi, mapumziko na parasetamo. Aspirini haifai, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Alipoinuka tukaapa kwamba mapipa yetu hayatalea mbu tena.

Tukaweka samaki. Gapi, wale wadogo wenye mikia ya rangi wanaofugwa kwa pambo. Asili yao ni Amerika Kusini, na kule Kambodia huwekwa kwenye mitungi ya maji ya nyumbani kupambana na dengi hiihii. Tulitia watano katika pipa la bafuni. Asubuhi ya pili wale viluwiluwi waliokuwa wakijinyonganyonga juu ya maji hawakuwapo. Watoto walinuna, walitaka kuona wakiliwa.

Ila samaki hafanyi kazi yote. Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Samaki hayafikii. Ndiyo maana kila wiki tunausugua ukuta kwa brashi, kwani kwa joto letu kiluwiluwi huhitaji kama wiki moja tu kuwa mbu kamili. Maji ya bomba yenye klorini huwaua samaki, kwa hiyo tunayaacha kwenye ndoo siku moja au mbili kabla ya kuyaongeza pipani. Pipa la kunywa haliwekwi samaki, lina mfuniko na kitambaa. Vifuu na matairi ya zamani tulivitupa tu.

Swali zito lilitoka kwa bibi: maji haya tunatawadhia? Tukampelekea ustadhi wa mtaani. Akauliza kama yamebadilika rangi, harufu au ladha. Hayajabadilika. Akasema tawadheni, samaki ni kiumbe wa maji, hata akifa humo hayanajisi. Bibi aliridhika na jibu, hakuridhika na samaki. Mpaka leo anachota maji ya udhu kwenye ndoo yake mwenyewe, na hatumlaumu.

Mlio Unguja mna samaki wenu, Nothobranchius guentheri, anayeishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka yeye hufa, lakini mayai yake hubaki ndani ya tope yakingoja mvua nyingine. Naye hula viluwiluwi, na kwetu huyu ana heshima zaidi kwa kuwa ni mzaliwa. Gambusia wa Amerika alisambazwa duniani kwa kazi hii ya mbu, akageuka balaa kwa samaki wenyeji wa mito mingi.

Kwa hiyo gapi wakizaana, na huzaana kweli, msiwamwage Msimbazi wala kwenye mtaro wowote. Mpeni jirani. Sisi tumeshagawa nyumba nne za mtaa wetu, na ya tano imesema inasubiri pipa jipya.