Taka za Ndani ya Gari

Tulipokuwa mwaka wa kwanza hapa kitivoni, mwalimu wetu wa semantiki alitufundisha homonimia kwa kuandika neno "taka" ubaoni mara mbili. Taka ya kwanza ni uchafu. Taka ya pili ni kitenzi: kuhitaji kitu, kupenda kukipata. Akasema maneno haya yamefanana kwa sauti tu, hayana undugu wa maana. Wenzangu wakaandika, wakageuza ukurasa. Mimi nilibaki nimeshika kalamu, maana nilikuwa nimekumbuka gari la baba mdogo na jioni moja ya mwaka 2009 kwetu Baraka.

Baraka ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi, Kivu Kusini. Barabara ya Taifa Namba 5 inafika hapo kutoka Uvira, kisha inaliacha ziwa na kupanda milimani kuelekea Fizi. Baba mdogo alikuwa shofere wa njia hiyo ya Baraka na Fizi. Gari lake lilikuwa Land Cruiser ndefu, yenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Usukani ulikuwa kulia, kama wa magari mengi yanayotufikia kupitia Tanzania, ingawa sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia. Kwa hiyo abiria wa mbele ndiye aliyechungulia na kumwambia shofere kama njia ni nyeupe. Mlangoni palibaki alama ya gundi yenye umbo la duara. Hapo zamani palibandikwa ile picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu, ambayo magari ya mashirika ya misaada huiweka kuonyesha kwamba silaha haziingii.

Pale parkingi nilijifunza kumsoma shofere kwa kuchungulia ndani ya gari lake. Wapo walioacha nailoni ya dukani juu ya viti mpaka ikachanika yenyewe. Wapo waliotandika vitambaa vya kufuma mbele ya usukani, wakapanga maua ya plastiki na kutundika rozari. Kwenye malori yaliyokwenda Lulimba na Misisi, kabini ilikuwa nyumba kamili: blanketi, sufuria, makaa, sepetu, kamba, kipande cha sabuni. Mgeni angesema ni fujo. Lakini wakati wa mvua lori likizama kwenye tope, watu hulala njiani hata siku mbili tatu, na hapo hakuna kitu cha kabini kinachobaki bila kazi.

Yalikuwapo pia magari ya mashirika, safi ndani kana kwamba yameshushwa melini jana. Niliyatamani sana. Baba mdogo alicheka aliponisikia nikiyasifu. "Gari yenye haibebe watu," alisema, "itachafuka na nini?"

La kwake lilibeba. Likishuka kutoka Fizi lilikuja na mihogo, karanga na bidoni za mawese. Likipanda lilikwenda na ndagala, mikebuka, chumvi na sabuni. Mawese yalivuja, ndagala walipukutisha magamba, watoto walitapika kwenye kona. Hata hivyo kila jioni gari lilifagiliwa na kuoshwa, kwa sababu baba mdogo hakupenda mama wa watu apande na kitenge chake cha kwenda kusali kisha ashuke na doa la mawese mgongoni. Kuosha ilikuwa kazi yake. Kufagia ilikuwa kazi yangu, nami nilikuwa na miaka 10.

Alinipa amri moja tu: inama, tazama, ndipo ufagie. Vitu vilivyopatikana chini ya mabenchi viliwekwa kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya kiti chake: ufunguo, kandambili ya mguu mmoja, kadi ya chanjo ya mtoto, picha ndogo ya mtu asiyejulikana.

Miaka ile watu wetu walikuwa wakirudi kutoka Tanzania. Walikimbia vita vya 1996 na 1998, wakaishi kambini Nyarugusu na Lugufu, na kuanzia 2005 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likawa likiwavusha ziwa kutoka Kigoma. Waliposhuka Baraka, wengine walitafuta gari la kuwapandisha milimani kutazama mashamba ya wazee wao. Walipanda na magodoro, mabati, sufuria, kuku, na mifuko ndani ya mifuko. Siku walizopanda wao, chini ya mabenchi hapakuwa na pa kukanyaga.

Jioni hiyo wenzangu walikuwa wameshaanza kucheza mpira ufukweni. Nilisikia kelele zao. Sikuinama. Nilipitisha fagio kutoka mbele hadi nyuma, nikakusanya majani ya mihogo, maganda ya karanga, na bahasha ya kaki iliyolowa mawese upande mmoja. Niliiona. Sikuifungua. Nilivibeba vyote kwenye beseni hadi jalalani, nikakimbilia mpira. Asubuhi jalala lile lilichomwa, kama kawaida.

Siku ya pili mama mmoja alikuja parkingi akiwa na mtoto wa kiume aliyenizidi kimo. Alimwamkia baba mdogo, akamuuliza kama ameona bahasha. Baba mdogo akaleta kopo, wakachambua pamoja kitu kimoja kimoja. Kisha akanitazama. Hakuuliza, uso wangu ulikuwa umeshajibu.

"Haiko, mama," alisema. "Gari ni yangu. Kosa ni yangu."

Yule mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari, akasema polepole, "Miaka yote ya mutoto ilikuwa mule."

Zilikuwa buletini za shule ya kambini. Masomo kule yalifuata programu ya Kongo, na karatasi zile zingetosha kumwandikisha mwaka wa 6 wa shule ya msingi. Mimi nililijua hilo kuliko mtoto yeyote pale, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumerudi miaka mitatu kabla, na mama yangu alizifunga zetu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, akazilalia usiku kucha melini.

Tulikwenda jalalani sote wanne. Tulichambua majivu kwa vijiti. Tulipata kona moja ya kaki, iliyoponea chini ya maganda mabichi.

Shule ilipofunguliwa, yule kijana aliingizwa mwaka wa 4, darasani kwetu. Mwalimu alisema bila karatasi hawezi kumweka juu zaidi. Aliketi dawati la mbele yangu, na kwa kimo chake sikuona ubao vizuri mwaka mzima. Mwalimu alipouliza swali, alijua jibu kabla halijaisha, lakini baada ya wiki chache akaacha kunyoosha mkono. Hakujua kwamba mfagiaji ni mimi. Baba mdogo hakunitaja. Tulicheza mpira pamoja, tukala mihogo pamoja, na mara nyingi nilifungua kinywa nimwambie, nikazungumza habari nyingine. Mpaka leo hajui. Akisoma haya atajijua, na nitashukuru akinitafuta.

Tangu hapo, nikisikia mtu anasifiwa kwa kuwa na gari safi, huuliza moyoni ni nani anayelisafisha, na huwa anainama au hainami. Sisemi fujo ni nzuri. Nimepanda magari ambayo niliteremka nikinuka samaki siku nzima, na sikumshukuru mwenye gari. Ninasema tu kwamba ndani ya gari la abiria karibu kila kitu ni cha mtu mwingine, na anayefagia hawezi kukijua kwa kukitazama akiwa amesimama.

Likizo iliyopita nilipanda tena na baba mdogo kutoka Baraka hadi Fizi. Land Cruiser imechoka, mabenchi yameshonwa mara nyingi, lakini sakafu bado inaoshwa kila jioni. Nyuma ya kiti chake lile kopo lipo, limeshika kutu, limejaa hadi juu. Nikamwambia vitu vingine humo vina zaidi ya miaka 10, je, nimsaidie kupunguza?

"Acha," alisema, macho yakiwa barabarani. "Wenyewe watakuja."

Kisha akaniambia nichungulie kama njia ni nyeupe.