Bibi wa Ng'ambo

Watu walipoleta posa ya mjukuu wangu, tuliketi wazee wa pande mbili kutaja ukoo, kama ilivyo ada. Nilimtaja baba, nikamtaja babu. Nilipofika kwa bibi aliyemzaa babu yangu nilisema, "Huyo alitoka ng'ambo," nikaharakisha kwenda kwa mwingine. Hakuna aliyeuliza. Hapa Nyangwe, Kongo, kila mzee anajua neno hilo limebeba nini.

Zamani soko letu lilikaa kila siku ya nne. Akina mama walivuka Lualaba kwa mitumbwi, wakileta samaki, vyungu na vyakula. Tarehe 15 Julai 1871 waliingia sokoni watu watatu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara wa watumwa waliotoka pwani. Ukazuka ugomvi wa bei ya kuku, kisha risasi. Watu wakakimbilia mtoni, mitumbwi ikabanana ufukweni, wengine wakajitosa majini, wakazama. David Livingstone, aliyekuwa hapa tangu Machi akitafuta mtumbwi wa kuvukia, aliyaona kwa macho yake. Wafanyabiashara wenyewe walimwambia waliokufa ni kati ya 330 na 400. Habari aliyoiandika ilichangia kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Siku ileile vijiji vya ng'ambo vilichomwa, na watu wakatekwa.

Bibi yetu alitekwa katika miaka hiyo. Mwanamume aliyemzalisha alikuwa miongoni mwa wabeba bunduki. Kwa hiyo mimi ni mtoto wa wote wawili, na ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi hapa na Kasongo, za Wakristo na za Waislamu.

Sisi tuliozaliwa kabla ya uhuru wa 1960 tulirithi kunyamaza, tukaongeza na kwetu. Ukaja uasi wa 1964, ikaja vita ya 1998. Kila mara tulitoka porini, tukarudi kuishi ukuta kwa ukuta na waliotuchomea nyumba, au tuliowachomea. Tulisema yameisha. Tulikuwa tunaogopana, na woga ule tukauita msamaha. Ninyi wajukuu ndio mliokua ndani yake, mkihisi chuki msiyojua chanzo chake.

Nimefundisha katekisimu miaka mingi. Kila nilipofika kwenye agano jipya, Yeremia sura ya 31, niliwakazia watoto pale Mungu anapoahidi kutoikumbuka dhambi tena, nikawaambia nasi tusiikumbuke. Nilikosea, na jambo hili linaniuma. Yeremia aliwaambia watu wake makosa yao waziwazi miaka na miaka, mpaka wakamchukia, na ni kinywa hichohicho kilicholeta ahadi. Someni pia Luka 22. Yesu anatoa kikombe cha agano jipya, na mara tu baada ya hapo anasema kwamba mkono wa msaliti uko naye mezani. Mezani palepale, mbele ya wote! Nilipita kwenye mistari hiyo miwili nusu ya maisha yangu bila kuona kwamba imefuatana. Na Mwenye heri Anuarite, mtawa aliyeuawa na waasi huko Isiro usiku wa kuamkia 1 Desemba 1964, alimwambia muuaji wake uso kwa uso kwamba anamsamehe. Hakujifanya kwamba hakuna lililotendeka.

Mwaka huu, kabla ya siku ya marehemu, tuliombwa kupeleka majina ya wafu wetu yasomwe kwenye misa. Nilichukua karatasi. Jina la bibi halikutufikia, nikaandika "Bibi wa ng'ambo, aliyetekwa." Chini yake nikamwandika mume wake, na kwamba alibeba bunduki. Mkono ulinitetemeka, maana ninawaombea wote wawili, na ninaamini kikombe kile kilimwagwa kwa ajili yao wote wawili.

Mjukuu wangu aliisoma karatasi juu ya bega langu, akaniuliza kwa nini nimewaweka pamoja. Nilimweleza yote, tangu soko hadi posa yake, mpaka taa ikaisha mafuta. Asubuhi alikwenda kumweleza mama mkwe wake. Yule mama alinyamaza kitambo, kisha akamwambia kwamba hata kwao yuko mmoja, na jina lake wanalo.