Mululuza wa Ntinda: Nafuu Si Kupona

Msafiri atokaye katikati ya Kampala kwa njia ya Nakawa huikuta Ntinda juu ya mwinuko, upande wa kaskazini-mashariki. Barabara zake hujaa teksi, bodaboda na wachuuzi. Jirani zake ni Kyambogo yenye chuo kikuu, na Naguru yenye makao makuu ya polisi. Lakini akiingia vichochoroni, kelele hupungua. Nyuma ya nyumba ataona migomba michache, na kando ya ua kichaka chenye majani ya kijani kibichi, machungu mno. Huo ni mululuza, ambao Wajaluo huuita olusia.

Mtoto apatwapo na homa, mama wengi huchuma majani hayo, wakayafikicha majini, wakayachuja na kumnywesha. Wengine huyatumia kwa minyoo na maumivu ya tumbo. Mke wa askari aliyehamia mjini karibuni hakawii kufundishwa na jirani.

Mafunzo hayo si uzushi. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa mitishamba, walimwona sokwe mgonjwa akivunja tawi la mti huohuo. Alilimenya, akatupa gamba na majani, akatafuna kiini na kumeza maji yake. Baada ya siku moja hivi alirudiwa na nguvu. Ajabu ni kwamba aliyaacha majani, ambayo yana sumu zaidi kuliko kiini.

Je, mululuza huponya malaria? Jaribio lililofanywa kwa wagonjwa wa Bushenyi, magharibi mwa Uganda, lilitangazwa mwaka 2009. Waliokunywa maji ya majani mabichi, asilimia 67 walikuwa na nafuu ya kuridhisha siku ya 14. Lakini kati ya hao, ni asilimia 32 tu ambao damu yao ilisafika kabisa. Na wengi wa hao nao vimelea viliwarudia. Homa ilishuka, adui akabaki ndani. Kwa mtoto mdogo, hapo ndipo penye hatari: mama huona jasho likimtoka mwanawe, akatulia, kumbe ugonjwa unajipanga upya.

Kuna tahadhari nyingine. Majani hayana kipimo: kikombe cha leo chaweza kuwa kikali kuliko cha jana. Mululuza hutumiwa pia kuhimiza uchungu wa uzazi, hivyo mjamzito asiunywe. Hushusha sukari mwilini. Mwenye kisukari anayetumia dawa amwulize daktari kwanza.

Mitishamba haidharauliwi. Dawa mseto ya malaria itolewayo vituoni ina kiini kilichotokana na mmea wa artemisia wa China, na mgunduzi wake, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kwamba hiyo imepimwa, na kila umri una kiasi chake.

Basi mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa damu kabla saa 24 hazijapita, na amalize dawa zote atakazopewa. Akishikwa na degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kunywa, asingojeshwe hata kidogo, akimbizwe hospitali. Mululuza na uendelee kustawi uani, lakini usimcheleweshe mgonjwa nyumbani.