Barua kutoka Cambridge: Waliochelewa kufika mezani



Mtaniwia radhi, wiki hii siandiki habari za viza, bei ya nyama wala kodi ya nyumba. Nataka niwasimulie watu wanaokaa kwenye meza za Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa sababu picha tuliyonayo nyumbani kuhusu nani anastahili kukaa hapo imepitwa na wakati, na bado tunaitumia kufungiana milango sisi kwa sisi.

Kwanza niondoe dhana moja. Mgeni akifika hapa hutafuta geti la chuo kikuu apige picha, na hulikosa. Cambridge haina geti. Ina ndaki 31 zilizotawanyika mjini, na kongwe kuliko zote, Peterhouse, ilianzishwa mwaka 1284. Msizifananishe na ndaki za Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambazo ni idara zilizokusanywa chini ya uongozi mmoja. Ndaki ya hapa ni kaya. Ina ardhi yake, fedha zake, jiko lake, maktaba yake na ugomvi wake. Mwanafunzi wa fizikia analala mlango wa pili kutoka kwa anayesomea muziki. Wenye kaya ni wajumbe wa ndaki: wanachaguana wenyewe, wanasimamia mali, wanafundisha na wanakula pamoja. Unaweza kuwa bingwa unayesifiwa dunia nzima katika idara yako, lakini kama hakuna ndaki iliyokuchagua, saa ya chakula ikifika wenzako wanaondoka na wewe unabaki na mkate wako ofisini.

Enzi za nyuma uteuzi ulikuwa rahisi kuueleza. Wajumbe wengi walikuwa makasisi wa Kanisa la Anglikana, na mjumbe akioa aliipoteza nafasi yake. Masharti ya dini yalifutwa mwaka 1871, na ruhusa ya kuoa ikaenea kwa kanuni za mwaka 1882. Wanawake walisubiri zaidi. Shahada kamili walianza kupewa mwaka 1948, na ndaki ya mwisho ya wanaume watupu, Magdalene, iliwafungulia mwaka 1988. Wakati huo Mlimani wasichana walikuwa wameshasoma bega kwa bega na wavulana kwa zaidi ya miaka 20. Nalisema hili kwa sababu tumezoea kudhani kila jema lilianzia huku.

Ndaki ninayotaka kuizungumzia inaitwa Wolfson, iko Barton Road, mwendo wa miguu tu kutoka katikati ya mji. Ilianzishwa mwaka 1965 kwa jina la University College, ikabadili jina mwaka 1973 baada ya kupata fedha za mfuko wa Wolfson. Sababu ya kuanzishwa kwake haina ushujaa mkubwa. Baada ya vita kuu ya pili chuo kilipanuka, kikaajiri wahadhiri na watafiti wengi, na ndaki za zamani zikawa hazina nafasi ya kuwapokea, au hazina hamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kamati ya chuo iliandika wazi kwamba idadi ya wasomi wasio na ndaki imekuwa kubwa mno. Ndipo zikaanzishwa mpya kwa mfululizo: Darwin, Lucy Cavendish, Wolfson, Clare Hall. Walioachwa nje wakajengewa kwao. Nadhani ndiyo maana tabia ya Wolfson ni tofauti. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza hapa Cambridge kupokea wanaume na wanawake pamoja tangu siku ya kwanza, wajumbe na wanafunzi. Wala haina ile meza iliyoinuliwa mbele ya ukumbi, ambayo kwenye ndaki nyingine wakubwa huketi wakiwatazama wadogo wakila.

Nilialikwa chakula cha mchana na mwenzangu wa fani, mwanahabari kutoka Nairobi. Tangu mwaka 1982 Wolfson ina mpango wa kuwapokea waandishi wa habari walioko katikati ya kazi, kutoka nchi mbalimbali, kwa muhula mmoja hivi. Mtu anakuja na mada yake, anapewa maktaba, ofisi za maprofesa zinamfungukia, anarudi kwao. Aliyeusimamia mpango huo kwa miaka mingi, Bill Kirkman, mwenyewe aliwahi kuripoti habari za Afrika kwa gazeti la The Times kabla ya kuwa mkuu wa huduma ya ajira kwa wahitimu wa chuo hiki. Fikirini hilo: aliyewashauri vijana kuhusu kazi alikuwa mtu aliyekwisha kubadili kazi.

Tukapanga foleni, kila mtu na trei yake, tukaketi palipokuwa na kiti. Kulia kwangu alikuwa ofisa wa polisi mstaafu anayeandika tasnifu kuhusu uhalifu. Mbele yangu mtaalamu wa hisabati, kijana asiye na ndevu. Pembeni yake mama wa makamo aliyefanya kazi benki nusu ya maisha yake na sasa anachimbua hati za karne ya 16. Yule mama akanigeukia, nikajiandaa kwa swali la kwetu, lile la "umesoma wapi?" Hakuuliza hilo. Aliniuliza: "Kabla ya haya ulikuwa unafanya nini?" Na nilipojibu kwamba niliwahi kuuza katika duka la vifaa vya shule la baba yangu kabla sijashika kalamu, hakucheka. Alitaka kujua tulikuwa tukikopeshaje walimu na tulikuwa tukidaije. Nusu saa nzima tulizungumza daftari la madeni.

Sasa niwaeleze habari ya Jane Clarke, aliyepata kuwa mkuu wa Wolfson kuanzia mwaka 2017. Huyu mama alizaliwa mwaka 1950. Alisoma biokemia, akafaulu vizuri, halafu akaenda kufundisha. Si chuo kikuu. Sekondari, sayansi, chaki mkononi, madaftari ya kusahihisha jioni. Alifundisha hadi katikati ya miaka ya 1980. Kazi ya mumewe ikawahamishia Marekani, na huko Atlanta akaamua kurudi darasani upande wa pili wa meza, akachukua shahada ya uzamili. Waliporejea Uingereza akaanza uzamivu hapa Cambridge, akaumaliza mwaka 1993, akiwa amepita miaka 40 na ana familia. Alichochunguza ni jinsi protini zinavyojikunja ndani ya mwili hadi zikapata umbo la kufanyia kazi, jambo ambalo likikosewa huleta maradhi. Akawa profesa. Mwaka 2015 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, ambayo kwa mwanasayansi wa Uingereza ni heshima ya juu kabisa. Miaka miwili baadaye akakabidhiwa ndaki.

Mchukueni mtu wa aina ya mama huyo, mumpeleke Dodoma. Tangazo la kawaida la ajira serikalini linataka mwombaji asiyezidi miaka 45, isipokuwa kama tayari yumo kwenye utumishi wa umma. Mwalimu wa shule binafsi aliyemaliza uzamivu akiwa na miaka 46 hana pa kupeleka karatasi zake. Akitaka kuanzia chini, kama mhadhiri msaidizi wa chuo cha umma, ataulizwa GPA ya shahada ya kwanza, na ikiwa 3.7 badala ya 3.8 mazungumzo yamekwisha, hata kama tangu aipate amefundisha kemia miaka 20 na wanafunzi wake ndio madaktari wa hospitali ya Muhimbili. Naelewa nia ya kanuni hizo. Zililetwa kuzuia kujuana na kupeana. Lakini kanuni inayomzuia mpwa wa mkubwa ikimzuia na mtu wa mfano wa Jane Clarke, basi imezuia zaidi ya ilivyokusudia.

Mkuu wa kwanza wa Wolfson naye hakuwa mtu wa njia moja. John Morrison alikuwa mtaalamu wa Kigiriki cha kale, profesa wa vitabu, lakini kilichomnyima usingizi ni merikebu za vita za Athene, zile za makasia 170 yaliyopangwa kwa safu tatu. Hakuna hata moja iliyosalia chini ya bahari. Wasomi walikuwa wakibishana kama zilikuwa na mwendo kweli au Wagiriki walijisifu tu, na mwaka 1975 mabishano hayo yakahamia kwenye ukurasa wa barua za wasomaji wa The Times. Morrison hakuishia kuandika barua. Alikutana na John Coates, mhandisi wa meli aliyekuwa amefanya kazi wizara ya ulinzi, na Frank Welsh, mtu wa benki. Msomi alileta maandishi na michoro ya kwenye vyungu, mhandisi akapiga hesabu za mbao na uzito, wa benki akahangaikia fedha. Mwaka 1987 merikebu hiyo, Olympias, ikaelea Ugiriki na ikapigwa makasia na watu wa kujitolea.

Nilipoisoma habari hiyo niliwaza mtepe, chombo chetu cha Lamu na visiwa vya Wabajuni, kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari na kusafiri kwa tanga la mkeka. Wazee wa mafundi wanaojua kuunda jahazi bado wapo Lamu na Zanzibar. Maprofesa wa historia tunao. Wahandisi tunao. Fundi wa jahazi akifika kwenye kongamano la chuo huwekwa nje kwenye banda la maonyesho, apigwe picha, na wakati wa chakula hupewa bahasha ya nauli. Mezani haitwi.

Nisiwadanganye kwamba huku kila kitu ni asali. Wengi wanaovuka kutoka kazi nyingine na kuingia ndaki huja wakiwa tayari na majina: mabalozi, wakuu wa mashirika, watangazaji. Rowan Williams alitoka uaskofu mkuu wa Canterbury akaenda moja kwa moja kuongoza Magdalene. Vijana watafiti wanaofanya kazi ngumu ya maabara wanaishi kwa mikataba mifupi, na wapishi na wasafishaji hawaulizwi kabla ya haya walikuwa wapi. Weusi kwenye meza hizi bado ni wa kuhesabu. Ni mwaka 2019 tu ndipo Sonita Alleyne, mzaliwa wa Barbados aliyejenga kampuni ya kutengeneza vipindi vya redio, alipochukua uongozi wa Jesus College, akawa mtu Mweusi wa kwanza kuongoza ndaki ya Oxford au Cambridge. Mwaka 2021 akafuatia Simon Woolley pale Homerton. Huyu ndiye ninayempenda zaidi. Aliacha shule bila mitihani ya kidato cha sita, akajifunza ufundi wa magari Leicester, akauza matangazo, kisha akaingia chuo kikuu akiwa mtu mzima na baadaye akaanzisha shirika la kuwahamasisha Weusi wa Uingereza kupiga kura. Fundi gari alikabidhiwa ndaki ya Cambridge, na mbingu hazikuanguka.

Tena sisi tuliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 1961 Dar es Salaam ilipata University College yake, miaka minne kabla ya hii ya Barton Road, ikaanza na wanafunzi wachache wa sheria ndani ya jengo la chama cha TANU. Angalieni nani walikuja kufundisha historia miaka iliyofuata. Terence Ranger alikuwa amefukuzwa Rhodesia kwa sababu ya siasa zake. John Lonsdale alikuwa amevaa sare za King's African Rifles (KAR) nchini Kenya akitumikia jeshi kwa lazima. John Iliffe alikuja akiwa kijana. Dar es Salaam iliwapokea hivyo walivyo, na ndiyo iliyowapa sifa. Ranger aliishia kuwa mjumbe wa St Antony's kule Oxford, Lonsdale wa Trinity hapa Cambridge, na Iliffe wa St John's, ambako alitoa kile kitabu kikubwa cha historia ya Tanganyika mwaka 1979. Kwa maneno mengine, meza za huku zimelishwa na yetu. Hatukuwauliza umri wala GPA. Tuliwauliza wanajua nini.

Kwa hiyo ombi langu kwa mabaraza ya vyuo vyetu, kuanzia Mlimani hadi Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ni dogo. Kila ndaki itenge nafasi moja kwa mwaka, ya muhula mmoja, kwa mtu wa kazi: mwalimu wa sekondari, nahodha, mkunga mzoefu, mwandishi wa habari, fundi wa jahazi. Apewe chumba, kadi ya maktaba na sahani ya mchana pamoja na maprofesa, na mwisho wa muhula atoe mhadhara kwa Kiswahili. Na ofisi ya utumishi wa umma ikifute kikomo cha miaka 45 kwa wenye shahada ya uzamivu.

Kwa walimu mnaoniandikia mkiuliza kama umri umewatupa mkono: Cambridge haina umri wa mwisho kwa mwombaji wa uzamivu, na ufadhili wa Gates Cambridge, ulio wazi kwa raia wa nchi zote nje ya Uingereza, nao hauna.